Kisigino cha Sajenti Luhende

Siku ya kwanza kazini, katika karakana ya viungo bandia Ushirombo, nilikabidhiwa sindano nene, uzi uliopakwa nta na kipande cha ngozi, nishone mikanda ya kufungia miguu bandia. Nilishona mkanda mmoja, nikaufumua, nikaushona, nikaufumua tena. Saa sita mchana Mkuu wa Karakana akasimama nyuma yangu.

“Binti, unashona mkanda au unachonga sanamu ya kanisani? Mwenye mguu anasubiri nje.”

Wanaoandika wosia wa kazi kama huu huwa na mvi. Mimi nina miaka ishirini na tisa, na Ijumaa naiacha karakana kwenda chuoni kusomea kazi ambayo nimeifanya miaka saba bila cheti. Nakuandikia wewe utakayekalia benchi langu.

Nilijifunza kwa kuchungulia. Niliona jinsi plasta inavyozungushwa kwenye kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, ili kupata umbo lake. Jinsi soketi inavyotengenezwa, kile kikombe cha plastiki kinachopokea kigutu. Na jinsi timazi ya waashi inavyoonyesha kama mguu umesimama wima. Timazi niliipenda kupita kiasi, kwa sababu haimbembelezi mtu. Nilipohamishiwa karakana hii ya Kahama nikiwa fundi, nilikuwa napima mguu mara tatu, naenda kunywa chai, chai hainishuki, narudi kupima.

Hapa akaja Sajenti mstaafu Luhende, Baba Kulwa, aliyekatwa mguu wa kushoto chini ya goti baada ya kukanyaga bomu akilinda amani nje ya nchi. Alikuja kwa kiti cha magurudumu kilichojaa tope jeusi la mbugani. Mguu wa kulia ulikuwa na buti la jeshi linalong'aa. Buti la pili amelipakata.

“Shikamoo, Baba Kulwa.”

“Marahaba, fundi. Kiti hiki kwenye lami ni gari. Mbugani ni ng'ombe aliyegoma. Nataka mguu. Baada ya mavuno nacheza bugobogobo.”

Hiyo ni ngoma ya majembe, na yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa kundi lake. Misimu miwili jembe la mbele lilikuwa mikononi mwa mwingine. Wazee wa kundi walishamwambia: asipocheza msimu huu, halirudi kwake tena.

Nilimtengenezea mguu kwa miezi mitatu. Alipouvaa na buti zake, timazi iliangukia pale pale ilipotakiwa. Alitembea kikakamavu hadi kwa Mkuu wa Karakana wa hapa Kahama akampigia saluti. Siku hiyo sikurudia kupima.

Baada ya mavuno, siku ya mashindano ya bugobogobo, nilipanda basi hadi kijijini kwake. Nakiri, nilikwenda kuutazama mguu wangu, si yeye. Ngoma zilikuwa zinatikisa vumbi, watu wamejaa, nami moyo unadunda kwa furaha. Ndipo Sajenti akaketi, akavua buti, akavaa katambuga, zile ndala za tairi.

“Baba Kulwa, huchezi na buti?”

“Buti ni za jeshi, mwanangu. Ngoma ni ya baba yangu. Umeona nani analima na buti?”

Akasimama. Goti likasukumwa nyuma. Nilielewa papo hapo: buti lina kisigino kirefu, nami niliupanga mguu kwa urefu ule. Ukikiondoa, mguu unalalia nyuma, na mtu anatembea uwanjani kana kwamba anapanda kilima. Miezi mitatu, na sikuwahi kumuuliza anavaa nini nyumbani.

Kiongozi wa kundi pinzani aliona. “Sajenti, ukichoka tutakuletea kile kiti chako.”

“Kileteni. Ukianguka tutakubebea humo.”

Watu wakacheka. Mimi nilifikiria kukimbilia basi. Badala yake nikasema mbele ya wote, “Nimekosea mimi, Baba Kulwa.”

“Linarekebishika?”

“Linarekebishika.”

“Sasa unalia nini? Fanya kazi.”

Pembeni ya uwanja palikuwa na fundi wa katambuga. Aliniazima kisu na kunipa vipande vya tairi. Timazi sikuwa nayo. Nilipima kisigino cha buti kwa vidole, nikakata kabari, nikaipigilia chini ya kisigino cha katambuga ya kushoto. Sajenti akajaribu hatua mbili. Goti likatulia. Ngoma za kundi lake zikaanza kumwita.

“Kinatosha?”

“Bado kidogo, upande wa ndani kuna...”

“Binti. Kinatosha?”

“Kinatosha,” nikasema, neno ambalo sikuwahi kulitamka juu ya kazi yangu.

Akaingia. Jembe liliruka juu, yeye akazunguka kwa mguu wa kushoto, wangu, akalidaka mpini kabla halijagusa vumbi. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Wazee hawakukaa kikao. Aliyekuwa analishika jembe la mbele alimpelekea mwenyewe, akarudi nyuma ya mstari.

Kwa hiyo, mwenzangu, timazi nakuachia kwenye droo ya juu. Kabla hujaitoa, muulize mtu anavaa nini nyumbani na anakwenda kufanya nini.

Jana Sajenti alikuja kuniaga, na katambuga ileile. Niliinama. Kabari ilikuwa imelika upande wa ndani, palepale nilipotaka kuirekebisha siku ile. Mkono wangu ukaanza kutafuta kisu.

“Kisigino kiache,” alisema. “Ndivyo ninavyozungukia.”

Nikakiacha.