Sauti za Redio Zisizo na Majina

Naweka dau viatu vyangu vya kazini, vile vyenye chuma mbele, kwamba hakuna atakayeniamini: nimefanya kazi miaka na mtu anayeitwa Redio, na mtu huyo alikuwa haongei. Haya, cheka kwanza, halafu tuendelee.

Redio ni fundi wa lifti, na ni kaka wa mke wangu, kwa hiyo kwangu ni shemeji. Jina nilimpa mimi. Pale karakana mgawaji wa majina ni mimi, sina mpinzani. Mwenyewe naitwa Profesa, kwa sababu shule niliiacha darasa la sita na tangu hapo hajatokea wa kunishinda mdomo. Redio ukimuuliza lifti ya hospitali imekuwaje, anakujibu "Bovu." Ukimuuliza tena jioni, "Nzima." Siku aliyosema maneno matatu mfululizo nilichungulia dirishani kuona kama mvua inanyesha.

Ana kigugumizi. Mimi nilijua, maana nimeoa kwao. Wenzetu walidhani anaringa.

Sasa, lifti kuukuu zina tabia kama wakwe. Ya jengo la posta, mlango haufungi mpaka uusukume na goti kidogo upande wa kushoto. Ya hotelini hulia kama mbuzi wiki moja kabla breki haijaisha. Mambo haya hayamo kwenye kitabu chochote cha kiwandani. Yalikuwa vichwani mwetu, na mengine kwenye picha na sauti zilizotapakaa ndani ya simu zetu, zimechanganyikana na picha za harusi na za watoto wanaoota meno.

Ikatokea mama mmoja mjamzito akakwama kati ya ghorofa mchana kutwa. Aliyejua siri ya lifti ile ni fundi mkuu wetu peke yake, na fundi mkuu alikuwa safarini, simu imezima. Mama alitoka salama, lakini Madamu, mwenye kampuni, alituita akiwa amevimba.

"Kampuni yangu siwezi kuiacha ikae mifukoni mwenu," alisema. "Kila mtu na picha zake, na sauti zake, vyote viingie folda moja. Kila kitu kipewe jina la jengo. Fundi akikwama, atafute, apate."

Na kwa kuwa ndani ya shimo la lifti mtandao hufa kabisa, akaongeza amri nyingine: kila asubuhi, kabla ya kutoka, kila fundi ashushe folda nzima kwenye simu yake. Hapo Mama Stoo, mtunza vipuri wetu, akauliza kama na yeye anahusika, maana simu yake imejaa mapambio. Madamu akasema anahusika.

Jambo lingine lilijulikana bila kutangazwa. Fundi mkuu alikuwa anakaribia kustaafu, na Madamu alimtaka Redio ashike nafasi yake. Tatizo lilikuwa moja tu: fundi mkuu ndiye anayesimama kila asubuhi kuwagawia watu kazi na kuwaeleza. Kwa mdomo, mbele ya wote. Redio alikuwa hajajibu ndiyo wala hapana. Mke wangu aliniambia kaka yake halali.

Mwenye hazina kubwa kuliko wote alikuwa yeye. Baada ya kila kazi alikuwa anapanda chumba cha mashine juu ya paa, anajirekodi akieleza ubovu ulikuwa nini na ameutibu vipi. Sauti zimenyooka, hata kukwama hakuna. Nilizisikia chache nikashangaa. Nikajua kigugumizi kinamwachia akiwa peke yake. Ndivyo nilivyojua mimi Profesa.

Akaniletea simu yake nimpakilie, maana mambo ya simu bingwa ni mimi.

"Ze-zenye majina tu," alisema.

"Tulia shemeji, uko mikononi mwa mtaalamu."

"Zenye ma-majina, umesikia?"

"Nimesikia! Unanifundisha kuogelea mimi samaki?"

Nikaketi. Zenye majina zilikuwa nyingi, na katikati yake zimejaa nyingine zisizo na jina, tarehe tupu. Kuchagua moja moja ni kazi ya mtu asiye na marafiki, na wenzangu walikuwa wananiita nje niwamalizie kisa cha mlinzi na mbwa wake. Nikabonyeza "chagua zote". Nikapakia. Nikatoka kwenda kumalizia kisa, na watu walicheka kweli.

Kesho yake asubuhi kila mtu akashusha folda kama amri ilivyosema. Mama Stoo, akiwa na kikombe cha chai mkononi, akafungua sauti moja ili aone kama simu yake inafanya kazi. Haikuwa na jina.

"U-u-ukifika, fu-fu-fu…" Kimya. Kisha sauti ileile, kwa hasira: "Mjinga wewe. Sema. Sema kama mtu." Ikaanza upya. "Ukifika, fu-fu…" Kibao kikasikika, mtu kajipiga shavuni au pajani, sijui. "Watoto wadogo wanasema. Sema!"

Mtu akacheka. Mwingine akafungua ya kwake, ikawa hivyohivyo, jengo lingine. Karakana nzima ikawa inamsikiliza Redio kutoka kila pembe. "Jamani, leo Redio imeshika mawimbi!" mmoja akasema, na mimi nikacheka. Nasema ukweli, nilicheka kabla akili haijafika. Kumbe ile sauti moja iliyonyooka alikuwa anaipata baada ya kujitukana mara nyingi sana kule juu ya paa, peke yake, na upepo.

Yeye alikuwa mlangoni, boksi la vifaa mkononi. Sijui aliingia saa ngapi. Aliliweka chini polepole, kama lina mayai, akageuka akaenda zake. Nilitaka kumkimbilia. Sikwenda. Mimi, mdomo wote huu, sikupata hata neno la kumwita.

Nyumbani mke wangu alinisubiri sebuleni, amesimama.

"Umemfanya nini kaka yangu?"

"Mke wangu, ni bahati mbaya, ile simu…"

"Simu ina vidole? Tulipokuwa wadogo alikuwa akitumwa dukani anazunguka nyumba kwanza, anaufanyia ukuta mazoezi ya kusema sabuni. Mimi nilikuwa namchungia watoto wasije wakamsikia. Leo wewe umewaita watu wote."

Usiku huo sikuweka utani mezani. Hata watoto waliona, mdogo akaniuliza kama naumwa.

Siku iliyofuata Madamu alitukusanya. Alikuwa ameshaziondoa zile sauti kwenye folda, lakini kila mtu anajua folda ni moja na simu ni nyingi. Zilikuwa mifukoni mwetu, kwa amri yake mwenyewe. Alianza kusema kuhusu heshima ya mfanyakazi, na hapo Redio akaingia. Akasimama mahali anaposimama fundi mkuu.

"To-to-toeni simu," alisema. Akalisubiri neno linalofuata, na safari hii hakujitukana. "Mta-mtazifuta sauti zangu mbele ya-yangu."

Hakuna aliyecheka. Alipita meza kwa meza. Kila mtu anamwonyesha, anafuta, yeye anatazama mpaka mwisho, kisha anakwenda kwa mwingine. Mama Stoo alikuwa analia. "Nisamehe baba, nilidhani ni mapambio," akasema, na Redio akamsaidia kubonyeza.

Akafika kwangu. Simu yangu ilikuwa mezani, imewashwa, ipo tayari. Aliangalia meza, akanipita, akaenda kwa mtu aliyekaa nyuma yangu.

Nikapumua. Nikajiambia, shemeji ni shemeji, ananiamini mimi nitafuta mwenyewe. Nikafuta mbele ya macho yangu tu. Jioni nikamtambia mke wangu: "Umeona? Wote kawakagua kama wezi, mimi kanipita. Undugu huo." Aliendelea kukunja nguo.

Nafasi aliichukua. Sasa kila asubuhi anasimama mbele, anagawa kazi, inachukua muda, na watu wanasubiri mpaka neno litoke. Akikwama sana anachora kwenye ubao, kisha anarudi kwenye neno lilelile mpaka alimalize. Wiki ya kwanza alipanga upya nani anatoka na nani. Mimi na yeye tulikuwa tunatoka pamoja tangu naanza kazi. Akanipanga na mtu mwingine, upande wa pili wa mji.

Nikamuuliza mke wangu, hili nalo vipi? Akaacha kazi aliyokuwa anafanya.

"Siku ile ya simu," alisema, "aliniambia wote aliweza kuwatazama usoni, isipokuwa wewe. Ndiyo maana alikupita."

Nilisema ananiamini. Nilikosea.