Mguu Aliofichwa Sponji

Fundi makochi aliyeitwa Sponji, kwa sababu ya chembe za sponji zilizomganda kichwani kutwa nzima, hakuwa mtu wa wivu. Mwenyewe alisema hivyo, tena mara nyingi mno. Lakini tangu mkewe aanze kwenda zahanati kila Jumanne kufungwa bendeji, usingizi ulimpaa. Mke alikuwa akipiga pasi kwa dobi, kazi ya kusimama tangu asubuhi hadi jioni, na juu ya kifundo cha mguu wake wa kushoto palikuwa na kidonda kilichokataa kupona. Sponji aliyajua hayo kwa kuambiwa tu. Mguu wenyewe hakuoneshwa. Mke alilala na gauni refu, alioga mlango umefungwa, na akiketi mguu ule aliusukuma chini ya kiti.

Kumbe miguu ile ile ndiyo iliyomfanya Sponji aoe. Enzi za usichana wake, akipita mbele ya karakana, Sponji alikuwa akiweka nyundo chini mpaka binti wa watu apotelee kwenye kona.

Kilichomkera si mke kwenda zahanati, ni vile alivyorudi. Alirudi uso umekunjuka na maneno ya nesi yamemjaa mdomoni. Nesi kasema nisikae nikining'iniza miguu. Nesi kasema nikilala niweke mto chini ya miguu. Nesi kasema nisiache kutembea. Na huyo nesi, Sponji alikuja kugundua, alikuwa mwanamume.

Jumanne moja akaliacha kochi la mteja tumbo wazi, akamfuata mkewe. Mlango wa chumba cha vidonda ulikuwa haujafungwa vizuri. Akamwona mkewe ameketi kitandani, gauni liko juu ya goti, na kijana mmoja mtanashati amekaa kwenye kigoda, kisigino cha mke wa mtu kimetulia pajani pake. Na mke anacheka. Nyumbani hajacheka hivyo siku nyingi. Sponji akaingia bila hodi.

“Karibu, shemeji,” nesi akasema huku akiendelea na kazi yake.

“Shemeji kwa dada yupi?”

Mke akalishusha gauni haraka. Haraka ile ilimchoma Sponji kuliko kicheko.

Nesi alikuwa ameshazoea waume wa aina hiyo. Akamweleza taratibu kwamba ndani ya mishipa inayorudisha damu moyoni kuna milango midogo, na ya mama huyu imelegea.

“Damu inapanda, inashuka tena, inatuama huku chini mpaka ngozi inaharibika,” alisema. “Paka dawa utakavyo, bila kubana hakiponi. Tumeshapima damu inayoteremka mguuni, iko sawa, ndiyo maana tunathubutu kubana. Kidonda kikifunga, hospitali watauziba ule mshipa mbovu.”

“Kubana ndiyo kazi yangu,” Sponji akasema. “Nabana makochi tangu wewe hujazaliwa. Kuanzia leo nitamfunga mwenyewe.”

“Hunifungi,” mke akasema.

Jumapili bendeji ikateleza yote mpaka kwenye kisigino, na zahanati imefungwa. Mke akaunyoosha mguu, uso ameugeuzia ukutani. “Haya, funga. Usiutazame.” Sponji akaifunga, macho yakiwa pembeni, kama anavyovalisha mto wa kochi kitambaa: chini akalegeza, juu, karibu na goti, akavuta kwa nguvu zake zote na kupiga fundo. Akajisifu kimoyomoyo kwamba kijana yule hana mkono kama huu.

Jumatatu asubuhi vidole vilikuwa vimevimba na kuiva rangi ya zambarau, na mke hawezi kukanyaga. Sponji akampeleka zahanati. Nesi akaikata ile bendeji kwa mkasi.

“Shemeji, umeiziba damu njia ya kupandia,” akasema. Hakumcheka, na Sponji aliona heri angechekwa. Akafundishwa upya: anza penye vidole, kisigino kisibaki wazi, bana kwenye kifundo, kisha legeza kidogo kidogo hadi chini ya goti. Alijifunza, lakini jicho moja lilikuwa kwenye vidole vya yule kijana, laini, visivyo na gundi.

Nyumbani akapiga magoti mbele ya mkewe, bendeji mpya mkononi, akashindwa kuanza.

“Nina wivu,” akasema. “Yule umemwonyesha siku ya kwanza tu. Mimi mumeo umenificha siku zote hizi. Kwa nini?”



“Yule ameukuta hivi hivi,” mke akasema. “Wewe ulikuwa ukiweka nyundo chini.”

Safari hii Sponji aliutazama: mishipa iliyojikunja, ngozi iliyopiga weusi, kidonda chenyewe. Akakifunika kama alivyofundishwa, akaanza kufunga penye vidole, akapanda polepole, na alipomaliza hakuondoa mkono.

“Imebana sana?”

“Hapana,” mke akasema. “Iko sawa.”

Gauni lilikuwa bado juu ya goti. Hakulishusha.