Mbao za Papa na Jukwaa la Komiseri

Wenzangu mliokulia enzi za Zaire, kabla wajukuu hawajaanza kutuuliza kama kweli tuliishi bila simu, leo naomba mnisaidie kukasirika kidogo. Kijiji chetu kilikuwa kando ya ziwa, kusini mwa Kalemie, kwenye barabara ya kwenda Moba. Kilikuwa ndani ya zoni ya vijijini iliyokuwa na mbunge wake peke yake. Siku hizo mbunge aliitwa komiseri wa raia. Chama kilikuwa kimoja, na waliogombea wote walikuwa wa chama hicho hicho, kwa hiyo tulichagua sura tu. Zoni ile ilishafutwa, ikamezwa na eneo kubwa la uchaguzi, na nikiitaja vijana wananitazama kama ninayesimulia habari za Nuhu.

Utoto wenyewe ulikuwa mtamu, sikatai. Asubuhi tulikula bukari la jana, ndiyo ugali wetu, na ndagala, dagaa wa ziwani, waliokaangwa kwa mawese, tukaenda shuleni tukiimba. Wasichana tulicheza nzango, tukirusha miguu na kupiga makofi mpaka vumbi likafika kwenye nyusi. Viatu sikuwa navyo, wala miguu yangu haikujua kwamba vinahitajika. Mtoto wa leo akikanyaga kokoto anampigia mama yake simu.

Ila kati ya kijiji na shule kulikuwa na mto Kafumbe. Kiangazi tulivuka kwa kurukaruka juu ya mawe. Mvua zikianza, mto ulishuka kutoka milimani mwekundu, mawe yakazama, nasi tukakaa nyumbani mpaka maji yapungue. Mwalimu, aliyeishi ng'ambo na hakuwa na mto wa kuvuka, alituandika watoro.

Nilipokaribia kuingia darasa la sita, Papa, baba yangu, aliona imetosha, akaamua kujenga daraja. Masista wa Kalemie walikuwa na shule ya sekondari ya wasichana, na kila Aprili sista mmoja alikuja shuleni kwetu na karatasi za konkuru, mtihani wa kuingia kule. Aprili ndiyo mwezi wa mvua kubwa. Papa alikuwa mpasua mbao. Kiangazi chote yeye na mwenzake walivuta msumeno, mmoja juu ya gogo, mwingine shimoni, wakapasua mulombwa, mti mgumu usiooza upesi. Mbao za daraja zikalazwa kando ya mto zikauke. Nilikwenda kuzitazama kila siku. Zilinukia vizuri, nami nilikuwa na hakika kwamba nanusa masomo yangu.

Ndipo uchaguzi ukafika. Tulitangaziwa kwamba mgombea atatutembelea, na masomo yakasimama wiki mbili. Tulifyeka barabara, tukafundishwa kucheza animasyo, ngoma ya kusifu chama, mpaka viuno vikauma. Kapita Mulongo, mkuu wa kijiji, akamwita Papa.

"Papa Kabwe, mugeni atasimama wapi? Chini, sawa na siye?"

"Mbao ni za daraja, Kapita."

"Siku moja tu. Kesho yake utazirudisha ku mto."

Papa akakubali. Wakajenga jukwaa.

Mgombea alifika na Landrova yake jua likiwa limeshaanza kushuka, amevaa abakosi, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi kama karatasi. Wazee walikuwa wamepanga kumwomba misumari na msaada wa fundi. Lakini kwetu mgeni haombwi kitu kabla hajala na kunawa. Basi akapanda jukwaani, akahutubia, akashuka, akala kuhe mzima, samaki mkubwa ambaye sisi watoto tulimwona kwa macho tu. Akanawa. Wazee wakakohoa ili waanze. Dereva akawasha gari. Mgombea akatutupia mkono dirishani, akatuita raia kwa neno la siku hizo: "Basitwayeni, nitarudia! Tutaonana hapa hapa!"

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulipona nini?

Kesho yake Papa alikwenda na nyundo. Kapita akamzuia. "Ulisikia mwenyewe, amesema hapa hapa. Akirudia akute tumebomoa, tutasema nini?" Wazee wote wakatikisa vichwa kukubali, na Papa, Mungu wangu, akatikisa chake pia. Yule bwana akashinda, akawa komiseri. Wazee wakaliezekea jukwaa kwa nyasi lisinyeshewe. Nyumba ya bibi yangu ilivuja mwaka ule, jukwaa la komiseri halikuvuja. Mtoto aliyelipanda alichapwa. Waliobahatika kulitumia ni mbuzi, kwa sababu mbuzi hawaambiliki.

Siku ya konkuru mto ulikuwa umefura. Papa alinibeba mabegani, akaingia. Maji yalimfika kifuani, gogo likapita karibu likamyumbisha, akarudi nyuma. Akajaribu tena, akarudi tena. Ng'ambo nilimwona sista, mdogo na mweupe chini ya mwavuli wake, amesimama na mwalimu. Walitungoja mpaka saa sita. Kisha sista akafunga mkoba.

"Papa," nilimwambia, "mbao ziko pale."

"Najua, mwanangu."

"Twende tuzitoe."

"Sasa zile njo mbao za komiseri."

Hakuniangalia alipoyasema. Konkuru haikurudi kwangu. Mwaka uliofuata nilikuwa nimeshatolewa posa. Nimeuza ndagala sokoni Kalemie maisha yangu yote. Wamenilishia watoto, siwadharau. Lakini nikiona msichana na mkoba wa shule, moyo bado unauma. Komiseri hakurudi. Mchwa walipolimaliza jukwaa, uchaguzi mwingine ukaja na mgombea mwingine, na Papa akaombwa mbao nyingine. Akatoa! Heshima si utumwa, tulifundishwa. Mimi bado nasubiri mtu anionyeshe tofauti.

Juzi nilikwenda kijijini kumzika shangazi. Asubuhi ile mgombea wa siku hizi alikuwa amehutubia juu ya jukwaa jipya. Nikakuta vijana wenye suruali zilizochanika magotini, nyaya masikioni, hata shikamoo hawana. Vumbi la gari la mgeni lilikuwa bado hewani, nao walikuwa wanang'oa mbao.

"Ninyi watoto!" nikapiga kelele. "Hamuna haya? Na mugeni akirudia?"

Mjukuu wa Kapita Mulongo akatoa waya sikioni. "Akirudia, Mama, atapita juu ya daraja."

Wakazibeba hadi Kafumbe wakicheka, wakazipigilia juu ya magogo mawili waliyokuwa wameyalaza juu ya mto, mchana kweupe. Kazi ambayo kijiji chetu chenye adabu kilishindwa kuifanya kwa miaka yote ya zoni ile, wao waliimaliza kabla bukari halijaiva. Nikawakaripia kwa kukosa adabu. Nikawakaripia kwa misumari iliyopinda. Nikavuka huku nawakaripia, viatu vyangu vikavu.

Kutoka ukingo mmoja hadi mwingine ni hatua kumi na mbili. Nilizihesabu.