Magadi ya Bibi na Meno ya Mtoto

Ko, ko, ko. Mpaka leo nikisikia jiwe likigonga kitu kigumu, mate yananijaa. Ndivyo bibi alivyokuwa akivunja bonge la magadi kwenye kizingiti cha jiko, ayatie kwenye makande yaive upesi. Sisi tuliokuwa shambani, chini kidogo ya Momela, kwenye miteremko ya mlima, tulijua saa ya kula haiko mbali.

Meno yangu ni ya kahawia. Kwetu hakuna anayeyashangaa, maana wote tumekunywa chemchemi moja. Ila mjini, nikiuza parachichi, wateja hunitajia kwetu kabla sijafungua mdomo mara ya pili. Nina ndoto ya kutokea kwenye tangazo la dawa ya meno. Nadhani watamhitaji mtu wa ile picha ya kwanza, kabla ya mswaki.

Dada yangu anashona nguo mjini, Sakina, na mtoto wake wa miaka mitatu alikuwa akikaa na sisi. Meno yake ya utoto yalikuwa meupe kabisa. Siku moja mtaalamu wa maji alikuja kutueleza kwamba maji yetu yana madini ya floridi, yanatoka kwenye mawe ya mlima wetu wenyewe, na kwamba meno ya ukubwani huharibikia ndani ya ufizi mtoto angali mdogo. Yakishatoka, hakuna mswaki wa kuyasafisha. Mtoto alikuwa mapajani kwangu, anatafuna kamba ya kofia yangu. Yangu yalishapita. Yake bado.

Tukapewa ndoo ya chujio, ndani yake mkaa wa mifupa ya ng'ombe wa kunasa hiyo floridi. Bahati mbaya ilikuwa Kwaresma.

"Hii ni mifupa?" bibi aliuliza.

"Imechomwa, bibi," nikamjibu. "Imekuwa mkaa."

"Nyama choma nayo imechomwa. Mimi nyama nimeiacha mpaka Pasaka."

"Basi anywe mtoto peke yake."

"Mtoto anakunywa ninachokunywa mimi. Nyumba hii haina vyungu viwili."

Alhamisi mchungaji alikuja kwa ibada ya nyumbani, nami nikapika chai kwa maji ya ile ndoo. Akamaliza kikombe, akaomba kingine.

"Chai ya leo laini, mama," akamwambia bibi. "Haina ule ukali wa maji ya huku."

"Ni mkono wa mjukuu wangu," bibi akasema, akaketi vizuri.

Nikasubiri kikombe cha tatu. "Mchungaji, eti maji yakipita kwenye mifupa iliyochomwa, yanavunja mfungo?"

Akatazama ndani ya kikombe. Akanitazama mimi. "Ndiyo haya?"

"Ndiyo haya."

"Mama," akamwambia bibi taratibu, "kama hii ni nyama, basi mimi nimeshamaliza paja zima."

Bibi hakucheka mbele yake. Mchungaji alipoondoka tu, akanigeukia: "Wewe mtoto, umemlisha mchungaji mifupa." Lakini jioni hiyo nilimwona akichota kwenye ndoo mwenyewe, akimnywesha mtoto na kumfuta kidevu kwa khanga.

Yalibaki magadi. Mtaalamu alisema nayo yana madini yaleyale, pengine kuliko maji. Wiki iliyofuata nilipomkumbusha bibi, akaninyooshea mwiko.

"Maji nimewaachia. Magadi hamnipati. Makande bila magadi ni kokoto."

Hapo hata mchungaji asingenisaidia, yeye mwenyewe anayapenda makande ya bibi. Nikawaza siku mbili. Kumdanganya bibi kuliniuma, ila nikimwangalia mtoto akicheka, kule kuuma kulihamia upande wake.

Ijumaa nililoweka mahindi na maharage chini ya kitanda changu, kwa maji ya ndoo. Jumamosi nikamwambia bibi akae barazani na mtoto, leo napika mimi. Nikabandika mapema kuliko kawaida, kuni nyingi. Yalipoanza kulainika, nikasikia kutoka nje:

"Mbona sisikii magadi?"

"Nayavunja sasa hivi, bibi."

Nikachukua bonge na jiwe, nikapiga magoti kwenye kizingiti cha jiko. Ko, ko, ko. Nikagonga vizuri, mpaka yakawa unga. Halafu nikayakusanya yote kwenye kipande cha gazeti, nikayafunga, nikayatia mfukoni, na kurudisha mfuniko wa sufuria.