Sitaha Iliyong'arishwa kwa Ajili ya Mama Mkwe

Juzi nilikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, Makambako, nikisubiri misumari yangu, wakaingia mume na mke kutoka Ludewa, upande wa ziwani. Mume alitaka rangi ya sitaha ya boti yao ndogo ya tanga, ya faiba.

Muuzaji akasogeza kopo. "Hii inang'aa, kaka. Ukipaka, unajiona uso."

"Sitaki. Uso wangu nimeshauona, kwenye maji, nikiwa naelekea huko."

Mkewe akajifunika mdomo kwa kitenge. Kumbe ni mtu wa huku kwetu Njombe. Mama yake alipokwenda kuwatembelea, mke aliiandaa boti kama tunavyoandaa sebule: akaisugua sitaha kwa nta nyekundu ya sakafu mpaka ikawaka. Mume akatangulia kupanda ili ampokee mkwewe, akateleza mpaka ziwani.

"Ningemtanguliza mama," alisema, mkono kifuani, "leo ningekuwa nanunua sanda."

Muuzaji akashusha pumzi, akaleta rangi isiyong'aa. "Futa nta yote kwa thina kwanza, ndipo upige msasa. La sivyo rangi itabanduka. Ikiwa bado mbichi, nyunyizia mchanga laini, mguu ushike."

"Lakini iwe nyekundu," mke akasema taratibu.

Mume akamtazama, akacheka. "Nyekundu sawa. Ila kitambaa chako cha kusugulia kibaki nyumbani."

Niliondoka nimefarijika kana kwamba mama mkwe ni wangu. Nikafika kwangu, sebule inawaka kwa nta, nikaingia nikishika ukuta, kama wageni wangu wote.