Vanishi ya Wendell

Ukitaka kumuudhi Orval Hatcher, paka vanishi bunduki ya zamani mbele ya macho yake. Kule kwao, milimani Kentucky, kila mtu alilijua hilo. Orval alinunua bunduki za vita vya zamani, zile zilizoletwa kutoka ng'ambo zikiwa zimejaa grisi iliyoganda, na kila Jumamosi alijifungia nazo bandani. Penye kibonyeo mbaoni aliweka kitambaa kibichi, akakandamiza kwa pasi ya moto hadi mbao inyanyuke yenyewe. Kisha mafuta ya kitani, kwa kiganja kitupu, kidogo kidogo, kwa majuma. Hakuziuza. Zikishapendeza, roho yake inatulia, basi.

Mwanawe wa pekee, Wendell, naye akanunua yake. Kijana mcheshi, mwenye moyo mweupe, lakini haraka aliyokuwa nayo, we! Mafuta hakuyangoja. Alileta kopo la vanishi akaipaka bunduki jioni moja, ikatiririka na kuganda matone matone. Hata kukauka hakusubiri. Alikibonyeza kitako cha bunduki kwa dole gumba aone kama tayari. Haikuwa tayari. Alama ya kidole ikabaki pale, mistari yake yote.

"Umeipaka kwa ufagio?" Orval alimuuliza.

"Ni yangu, baba, siyo yako. Naipenda hivyo hivyo."

"Basi usiitundike karibu na zangu."

Wendell akacheka, akaitundika peke yake kwenye msumari kando ya mlango wa banda. Kesho yake alikwenda msituni kukata miti kama kawaida, mti ukamwangukia, akafa papo hapo. Baba na mwana hawakusemezana tena baada ya lile neno la kutundika.

Imogene, mama wa kijana, hakumlaumu mumewe. Afadhali angemlaumu! Alipika maharage na mkate wa mahindi, akaweka mezani, akaenda zake chumbani. Wakawa wanaishi kama wapangaji. Orval aliona jambo moja tu asilolielewa: mkewe, ambaye miaka yote hakutaka hata harufu ya lile banda, sasa aliingia humo kila asubuhi, akakaa kidogo, akatoka. Orval alidhani anatafuta vibanio vya nguo.

Baridi ilipokwisha, Imogene alikwenda kumuuguza dada yake aliyevunjika mguu. Orval akaitungua ile bunduki ya Wendell. Nitaimalizia, alijiambia, niifanye vile mwanangu alivyokosa subira ya kuifanya, nimpe mama yake. Labda atanitazama tena. Maskini, maneno ya kuomba radhi hakuwa nayo. Alikuwa na mikono tu.

Akaipaka dawa ya kulainisha vanishi, kipande kwa kipande, akaikwangua. Alipofika kitakoni aliiona ile alama ya kidole, akatikisa kichwa, machozi yakamlenga. Haraka zako, mwanangu, alisema peke yake. Halafu akaipitishia msasa. Akanyanyua vibonyeo, akapaka mafuta, akangoja, akapaka tena. Maisha yake yote hakuwa ametengeneza bunduki nzuri kama ile.

Imogene aliporudi, hata koti hajavua, Orval akamwekea bunduki mezani. Mkewe hakuitazama rangi wala mng'aro. Dole gumba lake lilikwenda moja kwa moja kitakoni, likapapasa, likarudi, likapapasa tena.

"Kiko wapi kidole chake?"

Hapo ndipo Orval alipozielewa zile asubuhi zote. Akaketi.

"Nilikiona," alisema. "Nilidhani ni kasoro, Imogene. Nikakiondoa."

Imogene hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ndogo kwamba alikuwa akiweka dole lake pale kila asubuhi, nalo lilienea sawasawa, maana Wendell alirithi mikono ya mama yake.

Orval alitoka mbio hadi bandani, akalipindua pipa la taka. Lilikuwa tupu, alishachoma mwenyewe vanishi yote aliyoikwangua. Majuto ni mjukuu, na huyu alikuja kwenye nyumba isiyo na mtoto tena.

Aliporudi, mkewe alikuwa bado amesimama palepale mezani, amebonyeza kitako kwa nguvu, kucha imekuwa nyeupe. Kisha akaondoa kidole, akainama kutazama. Mafuta yalikuwa yamekauka vizuri, kama Orval alivyotaka siku zote. Hayakushika alama yoyote.