Mama Aliyekataa Kufungua Rejeta

Wasomaji wangu wa Tukuyu wameshasikia. Walio mbali waisikie kwangu. Yule mama fundi wa magari, mwenye gereji upande wa juu wa stendi, amefariki dunia baada ya kuugua muda mfupi. Tumemzika kwao Isongole, mvua ikinyesha juu ya mashamba ya viazi, na madereva walioegesha magari yao kando ya barabara walikuwa wengi kuliko waimbaji wa kwaya. Hakuwa ndugu yangu. Nilikuwa mteja wake tu, mmoja kati ya wengi, na kama wengi nilizoea majivuno yake. Alivaa hereni kubwa hata akiwa amelala chini ya gari, na mtu akimwambia gari lake linachemsha, alijibu bila kusita, "Umefika. Kwenye kuchemsha, Tukuyu hii hakuna wa kunizidi." Tulicheka. Kisha siku moja nikaona kwa macho yangu kwamba alikuwa anasema kweli tupu.

Nilikuwa Kisondela kwa shughuli za ukoo, naye alikuwa ameitwa huko kutengeneza lori la parachichi. Alipomaliza akanipa lifti kwenye gari lake dogo. Hatujafika mbali, mwanamume akatusimamisha kwa mikono miwili. Mkewe alikuwa ameng'atwa na nyoka akikata majani ya ng'ombe, na bodaboda aliyeitwa hakuwa ametokea. Tukamlaza yule mwanamke kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwa mumewe, mguu ukiwa umeshaanza kuvimba. "Usiutikise kabisa, mwanangu," mama fundi alimwambia, kisha akaanza kupanda mlima wa kuelekea Tukuyu taratibu, maana njia ilikuwa tope na mashimo.

Katikati ya mlima aliutazama mshale wa joto, akafungua hita mpaka mwisho na kushusha vioo vyote. Hewa ya moto ikatupiga usoni. Nilidhani amechanganyikiwa, lakini alikuwa analivuta lile joto litoke kwenye injini. Mshale ukasita kidogo, ukapanda tena. Akasimama pembeni, kando ya migomba, akazima gari. "Feni haizunguki," alisema. "Gari likienda kasi, upepo unalipooza. Likitambaa hivi, bila feni linakufa."

Mume alishuka kama kichaa. Alitaka achote maji ya mfereji ayamwage juu ya injini, akakatazwa: injini ikiwa na moto ule, maji ya baridi yangepasua silinda hedi, na safari ingekuwa imeishia pale. Basi akavua koti, akalizungushia mkono, akaufuata mfuniko wa rejeta. Mama fundi akauweka mkono wake juu ya mfuniko, na kitambaa kimoja tu kati yake na moto ule.

"Toa mkono, mama! Mke wangu anakufa!"

"Nimeona mtu akipoteza macho kwa mfuniko kama huu, baba. Ukiungua wewe, nitakuwa na wagonjwa wawili na gari bovu. Rudi ukamshike mkeo."

Alimtukana. Alimwita mchawi. Mama fundi hakukaa bure. Wakati injini ikipoa, alisukuma panga la feni kwa kijiti. Likazunguka laini, halikukwama. Akachomoa fyuzi, akaitazama kwenye mwanga, nzima. Akatoa waya kwenye buti, akaiunga feni moja kwa moja na betri, nayo ikavuma. "Feni ni nzima," alisema. "Swichi inayotakiwa kuiamsha ndiyo iliyolala." Akaziunganisha nyaya za swichi ile ili feni izunguke muda wote. Halafu akagusa bomba la juu la rejeta, akangoja, akaligusa tena. Huku nyuma mwanamke alianza kutapika, na mumewe akawa analia kwa sauti. Hata mimi nilitamani kumpigia kelele. Yeye akangoja bado. Bomba liliposhikika bila kuunguza ndipo akaulegeza mfuniko kidogo kidogo, ukafoka, ukatulia. Akawasha injini, akaongeza maji taratibu, akachungulia moshi wa nyuma kama ni mweupe, dalili kwamba maji yameingia ndani ya injini. Haukuwa mweupe. Tukapanda mlima.

Yule mwanamke aliwahishwa hospitalini, akapona, akatembea kwa mguu wake. Mumewe alitoka wodini, akainama mbele ya mama fundi. "Ndaga fijo, mama," alisema, asante sana kwa lugha ya kwao. Mama fundi alimpiga bega, akamrudisha kwa mkewe. Tulipobaki wawili, alijaribu kuingiza ufunguo kwenye gari akashindwa. Mikono ilimtetemeka mpaka ufunguo ukaanguka chini.

"Nilijua anakufa," aliniambia. "Kila nilipogusa waya nilijua amekata roho."

Nimeishi na maneno hayo tangu siku hiyo. Pale mlimani nilidhani ninamtazama mtu asiyejua hofu, kumbe aliogopa kuliko sisi sote. Siku hizi tunampenda mtu anayeonekana anakimbia. Mgonjwa akichelewa kuhudumiwa tunarekodi kwa simu, mwanafunzi akichelewa kuelewa tunamfokea, na kila jambo tunataka lifunguliwe sasa hivi, hata likiwa linachemka. Anayesema "ngoja kwanza" tunamwona hana moyo.

Mimi sitasema hivyo tena. Yule aliyetulia katikati ya vilio vyetu huenda anatetemeka ndani kwa ndani, ila ameizuia hofu yake isiguse kazi mpaka kazi iishe.